Baba Hatunzwi kwa Sadaka

Kuna imani iliyoota mizizi makanisani mwetu, na hapa kwetu Nyakasimbi, Karagwe, haikupona: kwamba ukimtanguliza Mungu kwa mfuko wako, Mungu mwenyewe atawatunza wazazi wako. Toa zaka, toa malimbuko, panda mbegu, yaliyobaki mwachie Yeye. Vijana wa Karagwe na Kyerwa walioko Mwanza na Dar es Salaam wanaishika kwa moyo mweupe. Nasema imani hiyo ni ya uongo, na Kristo mwenyewe aliikataa hadharani.

Tuanzie kwenye kibanja, yaani shamba la nyumbani. Baba wa huku anaishi kwa migomba na mibuni. Fedha ya kahawa huja kwa msimu, lakini shida haina msimu. Mzee akiugua kahawa ikiwa bado maua, au mjukuu akidaiwa ada punje zikiwa changa, humwendea mwenye fedha na kumuuzia kahawa hiyo ingali mitini. Hiyo ndiyo butura. Bei hupangwa na mnunuzi, na huwa chini mno ya bei ya msimu. Serikali imeipiga marufuku, lakini bado inafanyika kwa kificho, maana mtu aliyebanwa na shida hana nguvu ya kubishana bei. Msimu ukifika mzee huyo huchuma, huanika, hujaza magunia, kisha magunia yanatoka uani kwake yakiwa mali ya mwingine.

Sasa twende kanisani. Ibada imekwisha, mnada wa sadaka umeanza nje. Mkungu wa ndizi unanadiwa. Kijana aliyekuja likizo anapandisha dau, vigelegele vinapigwa, anaununua kwa bei ambayo gulioni ingenunua mikungu kadhaa, kisha anaurudisha unadiwe tena. Anatajwa jina, anaombewa baraka. Huenda baba yake yumo katika umati huohuo, na kahawa yake ya mwaka huu aliiuza ikiwa maua. Hakuna anayeuliza.

Yesu aliikuta hesabu hiyohiyo. Katika Marko sura ya 7 anawakabili Mafarisayo na waandishi waliomruhusu mtu aitangaze mali yake kuwa korbani, yaani wakfu kwa Mungu, kisha asimsaidie tena baba wala mama kwa mali hiyo. Hukumu yake ilikuwa kali: wameifuta amri ya Mungu ili walinde desturi waliyojitungia. Tuangalie vizuri alichokuwa akikitetea pale. Hakuwa akizungumzia kumwamkia mzee kwa adabu au kumpisha kiti. Alizungumzia mali. Kwake, kumheshimu baba ni pamoja na kumlisha na kumtibu. Paulo naye alimwandikia Timotheo kwamba anayewatelekeza watu wa nyumbani mwake ni mbaya kuliko asiyeamini kabisa. Kwa hiyo mnadi akitangaza jina lako huku baba yako akikosa dawa, usidhani umemtanguliza Mungu. Umemnyang'anya baba haki yake, ukaipeleka madhabahuni.

Wapo watakaosema: baba yangu alikuwa mlevi, ada yangu aliinywea rubisi, pombe ya ndizi. Najua nyumba za namna hiyo zipo, na maumivu yake ni ya kweli. Lakini amri ya Kutoka 20, ya kumheshimu baba na mama, haikuweka sharti kwamba baba awe mwema kwanza. Haikulazimishi kutii uovu wake, wala kuishi chini ya fimbo yake, wala kuyaficha aliyokutendea. Unaweza kukaa mbali naye na bado ukamlipia dawa kupitia kwa jirani.

Wapo pia wanaouliza: kanisa litajengwa na nani? Litajengwa na wale waliolijenga tangu mwanzo. Dayosisi ya Karagwe ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ilianzishwa 1979, Jimbo Katoliki la Kayanga likaundwa 2008, na yote mawili waumini wake wengi ni wakulima. Wazee hawa walitoa kahawa na ndizi zao kwa Mungu, na bado wakalea watoto. Kanisa linalopokea fedha ya mtoto bila kumuulizia baba yake linawasahau waliolibeba.

Wala tusitupe mzigo huu kwa serikali. Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003, na Zanzibar ilianza 2016 kuwalipa pensheni wazee wote wa miaka 70 na zaidi. Huku Bara pensheni ya namna hiyo hatuna. Mkulima wa Nyakasimbi hakukatwa mshahara ili alipwe uzeeni. Akiba yake ni watoto aliowasomesha.

Kwa hiyo wachungaji, mapadre, wainjilisti na makatekista, nawaomba jambo moja. Kabla ya kutangaza mchango mwingine, ulizeni jumuiya kwa jumuiya: ni mzee gani hapa ameuza kahawa yake kwa butura, na watoto wake wako wapi? Wapigieni simu. Nanyi mlioko mjini, msisubiri kupigiwa. Mathayo sura ya 5 inamwagiza mwenye ugomvi na nduguye aiache sadaka mbele ya madhabahu, akapatane naye, ndipo arudi kuitoa. Deni kwa baba ni zito kuliko ugomvi na ndugu. Mwaka huu ikomboeni kahawa ya mzee kwanza, kisha njoeni mnadani.