Kinanda Kisichobembeleza

Hukumu huwa nyepesi kutamkwa pale ambapo mtoa hukumu hakuombwa ushahidi. Katika mabaraza ya wapenda ushairi wa Pwani, miongoni mwa watu ambao masikio yao yamenolewa na vina vya kati na vya mwisho, ipo hukumu moja ambayo hutolewa kabla kahawa haijapoa: "Hiyo ni kelele." Hutolewa dhidi ya tungo la piano pekee, lisilo mwimbaji wala kiitikio, ambalo sauti zake hugongana badala ya kufuatana, na ambalo msikilizaji haondoki nalo akalipigia mluzi njiani. Akiambiwa kwamba mtunzi ni Mzungu, hakimu hutikisa kichwa na kusema kuwa Wazungu wamechoshwa na uzuri wao wenyewe. Akiambiwa kwamba mtunzi ni Mwafrika, huongeza shitaka la pili: ameiga. Shitaka la kwanza ni la sikio lisilo na subira, nalo lasameheka. La pili ni la kutojua historia, na hilo ni zito zaidi, maana aghalabu hutolewa na wale wale wanaojinadi kuwa walinzi wa historia.

Lipimwe jambo hili kwa mfano wa mahali palipo mbali kabisa na bahari. Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, ni mji uliofikiwa na reli kwa ajili ya madini ya risasi. Tawi la kilomita zipatazo 210 lilijengwa kutoka Kaliua mwishoni mwa miaka ya 1940. Mgodi ukaja kufungwa, reli ikabaki kubeba watu na mizigo yao. Upande wa Ziwa Tanganyika iko Karema, ambako Mapadri Weupe walikabidhiwa ngome ya Wabelgiji mwaka 1885. Misheni ilileta kwaya, na kwaya ikaleta kinanda. Tena mkoani humo yako makazi ya Katumba na Mishamo, yaliyofunguliwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972.

Sasa afikiriwe kijana wa huko, aliyejifunza kinanda cha umeme cha kwaya ya parokia kwa kuangalia vidole vya mwenzake, akaja kukaa peke yake akaandika tungo la dakika nane kwa piano pekee: gumu, lenye kukwaruza, mkono wa kulia ukibishana na wa kushoto mpaka mwisho bila ya suluhu. Kijana huyu ni wa mfano tu, ndiyo maana hana jina. Lakini hukumu itakayompata si ya mfano. Imeshaandaliwa na inamngoja.

Ataambiwa kwanza kwamba piano si chombo cha kwao. Ni kweli, piano imetoka Ulaya. Lakini neno kinanda halikutoka Ulaya. Kabla halijahamishiwa kwenye sanduku lenye vibao vyeupe na vyeusi, lilikuwa jina la chombo cha nyuzi kilichokumbatiwa kifuani na kuchezewa katika majumba ya Pwani, na waliolihamisha hawakukosea, kwani ndani ya piano nako mna nyuzi, zaidi ya mia mbili, zinazogongwa kwa nyundo. Warundi nao wana inanga. Hoja hii haijengwi juu ya mfanano wa majina. Kazi hiyo waachiwe wanaisimu.

Ataambiwa pili kwamba sauti zinazogongana si za Kiafrika, kwamba Mwafrika hupenda upatanifu. Hapa ndipo mambo yalipopinduliwa miguu juu kichwa chini. Kilicho kigeni katika piano si mgongano wa sauti. Kilicho kigeni ni ule utamu wake uliozoeleka. Piano huigawa oktava katika hatua kumi na mbili zilizo sawa. Amadinda ya Buganda huigawa katika hatua tano zinazokaribia kuwa sawa, na nota zake nyingi hazikai sawasawa juu ya kibao chochote cha piano. Tena wapigaji wake wawili hukaa wakitazamana na kila mmoja hupiga katika pengo la mwenzake, kwa kasi ambayo sikio hushindwa kuwatenganisha, likasikia nyimbo za tatu na za nne ambazo hakuna mpigaji hata mmoja aliyezipiga. Ilimba ya Wagogo, ambayo marehemu Hukwe Zawose aliipeleka mbele ya walimwengu kutoka Bagamoyo, hutobolewa matundu na kuzibwa kwa utando wa vifuko vya mayai ya buibui, makusudi, ili kila nota itoke ikivuma kama nyuki. Mkwaruzo si kasoro ya chombo hicho. Fundi hutafuta utando huo kwa taabu, na ukichanika huubadilisha.

Khasa inafaa kuitazama inanga, kwa kuwa ni ya nchi walikotoka wazee wa Katumba na Mishamo. Ni ubao wa mti uliochongwa mfano wa chano kirefu, ukatandazwa uzi mmoja unaokwenda na kurudi mara kadhaa. Katika namna yake iliyosifika kuliko zote mwimbaji haimbi: ananong'ona. Kirundi ni lugha ya toni, na mnong'ono hauna toni. Basi panda-shuka za maneno hubebwa na nyuzi, na mnong'ono hubeba pumzi na silabi. Msikilizaji hupewa nusu ya neno na koo na nusu nyingine na kidole, akatakiwa aziunge mwenyewe gizani. Huu ni ugumu wa hali ya juu uliotungwa kwa kukusudia, na wazee waliokuwa wakiusikiliza jioni hawakudai kurahisishiwa.

Wala Pwani yenyewe isijitoe. Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa Unguja mwaka 1905, ilipokea kutoka Misri maqamu ambazo nota zake nyingine hukaa katikati ya nota za piano. Mpigaji ganuni huzipata kwa kugeuza vijichuma kando ya nyuzi; mpigaji udi huzipata kwa kidole, kwa kuwa shingo ya udi haina vizuizi. Kinanda cha umeme kilipoingia katika taarabu ya kisasa, nyingi katika sauti hizo zilisukumwa juu au chini mpaka zikalingana na vibao. Hakuna aliyepiga kelele kwamba hiyo ni kuiga. Ule ulikuwa upotevu, ukapita ukishangiliwa ukumbini.

Sasa lije lile shitaka la kuiga. György Ligeti, Mhungaria aliyezaliwa Transylvania mwaka 1923 na kufariki mwaka 2006, ambaye babaye na nduguye waliangamia katika kambi za Wanazi, alitoa mwaka 1985 kitabu cha kwanza cha Études zake za piano. La kwanza huitwa Désordre, yaani Vurugu. Mkono wa kulia hupiga vibao vyeupe pekee na wa kushoto hupiga vyeusi pekee. Huanza pamoja, kisha mapigo yenye mkazo huachana kidogo kidogo, kama watembezi wawili ambao mmoja hatua yake ni fupi kwa unywele. Wajuzi wa Ulaya waliyaita mazoezi hayo kilele cha piano ya karne ya 20. Ligeti mwenyewe hakuficha alikopita. Alipita kwa Conlon Nancarrow, Mmarekani aliyeishi Mexico akitoboa karatasi za piano zijipigazo zenyewe. Na alipita Afrika ya Kati, kwa njia ya kanda na uchambuzi wa Simha Arom, aliyechunguza baragumu za Wabanda-Linda ambazo kila moja hutoa nota moja tu, na muziki ukazaliwa katika kupishana kwao. Kitabu cha Arom kilipotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1991, dibaji aliiandika Ligeti. Kwa hiyo kijana wa Mpanda akiandika mikono inayopishana na kugombana, aliyeiga ni nani hapo? Anachukua kilichochukuliwa jirani, kimerudi kimevaa koti.

Wala hatakuwa wa kwanza. Akin Euba wa Nigeria, aliyefariki mwaka 2020, aliandika mwaka 1970 Scenes from Traditional Life, tungo za piano zisizobembeleza hata kidogo, akaishi akiitetea fikra kwamba piano yaweza kutendwa kama ngoma na marimba badala ya kutendwa kama kwaya. Justinian Tamusuza wa Uganda aliandikia nyuzi nne tungo lenye mwendo wa Kiganda, nalo likarekodiwa na Kronos Quartet katika Pieces of Africa mwaka 1992. Afrika ya Mashariki ina wasomi wengi wa nyimbo za wengine. Watunzi wa aina hii ni wachache, na wachache hao hujulikana zaidi ng'ambo kuliko katika mitaa waliyozaliwa.

Msomaji wa ushairi anapaswa kuona haya kidogo hapa, kwa kuwa kesi hii alishaisikiliza. Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kilipotoka mwaka 1974, bila ya vina wala mizani ya desturi, mashitaka yalikuwa haya haya mawili: si ushairi, na ameiga Wazungu. Walioshitaki walishika mkononi Sheria za Kutunga Mashairi za Amri Abedi, kitabu cha mwaka 1954, kana kwamba kilishuka. Baadaye wakaja wanaojua bahari za zamani, Ibrahim Noor Shariff akiwamo katika Tungo Zetu ya mwaka 1988, wakaonyesha kwamba shairi la mizani kumi na sita ni chumba kimoja tu katika jumba kubwa. Leo mashairi huru hutahiniwa mashuleni, na hakuna aliyeomba radhi. Na liko jambo ambalo mabaraza hayapendi kulikumbuka: Amri Abedi mwenyewe hakuwa mtu wa Pwani. Alizaliwa Ujiji, katika ziwa lile lile lililopo Karema. Pwani ilikubali kupokea sheria za mashairi kutoka bara. Ingewezaje kukataa kupokea tungo la piano kutoka huko kwa sababu tu ya anwani?

Iko pia jamii nyingine ya mahakimu, wapole zaidi na wenye madhara zaidi. Hao hawamkatazi kijana kutunga. Wanamtaka awe yeye. Lakini yeye wamekwisha mchora: ngoma, njuga na kanga. Kwa kuwa anatoka Katavi watamshauri tungo lake liitwe kwa jina la viboko wanaosongamana matopeni katika mto Katuma wakati wa kiangazi, apate kualikwa tamashani. Mtunzi wa Vienna hatakiwi aandike juu ya farasi. Kumtaka wa Mpanda apigie piano sauti za hifadhi ni kumwambia kwamba ana mazingira na hana akili.

Katika Katumba na Mishamo neno "yetu" lina uzito ambao mabarazani halina. Watu zaidi ya 162,000 wa makazi hayo mawili na ya Ulyankulu, mkoani Tabora, walipewa uraia wa Tanzania, na vyeti vyao vikagawiwa kuanzia mwaka 2014. Kabla ya hapo, kwa miaka kadhaa, uraia huo ulifungwa na sharti la kuhama na kutawanywa mikoani. Waliolima mashamba yale tangu utotoni waliishi wakingoja kujua kama watang'olewa. Sharti liliondolewa. Lakini mtu aliyekulia katika kungoja huko, akisema Kirundi jikoni na Kiswahili shuleni, akiimba zaburi kanisani, anapoulizwa kama sauti anazozisikia kichwani ni "za kwetu", haulizwi swali la muziki. Anaombwa cheti tena. Na kama mikono yake miwili juu ya piano haikubali kupatana, huenda hicho ndicho kitu cha kweli alichonacho, na anayemwamuru aipatanishe anamwamuru aseme uongo.

Hapana budi kukiri kwamba ugumu pekee si sifa. Wapo wababaishaji wanaojificha nyuma ya mgongano wa sauti kama walivyokuwapo waliojificha nyuma ya vina, wakijaza "jama" na "wallahi" mwisho wa kila mshororo. Tungo baya la piano hujulikana, lakini hujulikana kwa kusikilizwa mara ya tatu. Mara ya kwanza sikio hulalamika tu. Mara ya pili huanza kutambua kinachorudi: labda nota mbili za chini zinazokuja kila mara baada ya kimya, labda kasi inayolegea pahala pale pale. Mara ya tatu ndipo laweza kuulizwa swali la haki: je, sauti hii ikiondolewa, kitabomoka chochote? Katika tungo la mbabaishaji hakibomoki kitu.

Na baada ya kusikiliza, lijibiwe. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alikuwa na wa kumjibu. Washairi wa Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923, walitupiana mafumbo kutoka Tanga hadi Ujiji, na anayeshindwa kufumbua alishindwa mbele ya watu wote. Ushairi wa Kiswahili ulikua kwa majibu hayo zaidi kuliko kwa sifa. Mtunzi wa piano aliyeko Mpanda hana wa kumjibu. Hakuna anayemwandikia kwamba ukurasa wa tatu umelegea, au kwamba mwisho umekuja mapema, au kwamba mkono wa kushoto unajua kitu ambacho wa kulia haujakisikia. Ana kinanda cha parokia kwa saa moja baada ya mazoezi ya kwaya, na neno "kelele".

Anayelitamka neno hilo na ajibu kwanza swali dogo, kwani bila shaka anaipenda taarabu ya kale na anaijua maqamu ya Rast. Ile nota yake ya tatu, inayomfanya afumbe macho ganuni inapoigusa: katika piano iko kwenye kibao cheupe, au cheusi?