Lugha Mlangoni pa Sumaku: Kiswahili na Kipimo cha MRI kwa Wakazi wa Kibera na Kawangware

Kuuliza si ujinga, walinena wahenga. Hata hivyo, wahenga hawakueleza mtu afanye nini pale anapoulizwa yeye, tena kwa lugha asiyoimudu, swali ambalo jibu lake laweza kumgharimu jicho au uhai. Hali hiyo ndiyo inayomkabili mkazi wa Kibera au wa Kawangware aliyeagizwa na daktari akapigwe picha ya MRI na kukabidhiwa fomu ya maswali iliyoandikwa kwa Kiingereza. Makala haya yanashikilia kwamba maswali hayo ni sehemu ya tiba yenyewe, na kwamba wajibu wa kuyaweka katika Kiswahili kinachoeleweka mitaani unawahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kama unavyowahusu madaktari.

Ni vyema kwanza kufahamu kipimo chenyewe. Mashine ya MRI haitumii mionzi ya eksirei. Hutumia sumaku kubwa pamoja na mawimbi ya redio kuchora sura ya ndani ya mwili: ubongo, uti wa mgongo, maungio na sehemu nyingine laini ambazo eksirei haizioneshi barabara. Mwaka 2003, Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa uvumbuzi uliowezesha kipimo hiki. Mashine nyingi za hospitalini zina nguvu ya tesla 1.5, ambayo ni maelfu ya mara zaidi ya nguvu ya sumaku ya dunia inayoelekeza dira. La kuzingatiwa zaidi ni kwamba, kwa kawaida, sumaku hiyo haizimwi. Usiku na mchana, mgonjwa awepo asiwepo, inavuta.

Mwezi wa Januari 2018, katika hospitali moja mjini Mumbai, India, mwanamume aliyemsindikiza jamaa yake mgonjwa aliingia katika chumba cha MRI akiwa amebeba mtungi wa oksijeni. Sumaku iliuvuta mtungi pamoja naye, akafariki dunia. Jamaa zake walieleza kwamba mhudumu alikuwa amewahakikishia kuwa mashine imezimwa. Kilichokosekana pale hakikuwa mtambo wa kisasa wala fedha. Kilichokosekana ni neno la kweli, lililosemwa kwa wakati wake.

Vitu vilivyo nje ya mwili, kama vile saa, funguo, simu, mkufu, pini za nywele au hirizi iliyofungwa kwa waya, vinaweza kuonekana na kuvuliwa. Vilivyomo ndani ya mwili havionekani. Mtaalamu wa picha huvijua kwa kusoma rekodi za mgonjwa, na zisipokuwapo rekodi, kwa kumwuliza. Kwa hivyo, kwa watu wengi ambao historia yao ya matibabu haimo katika faili yoyote, ulimi wa mgonjwa ndio kinga ya kwanza.

Na uchukuliwe mfano wa fundi wa jua kali anayechomelea milango na madirisha kando ya barabara huko Kawangware. Mgongo umemwuma kwa miezi mingi na sasa anatakiwa kupigwa picha. Fomu inamwuliza kama amewahi kupata jeraha la jicho lililosababishwa na metali. Fundi anajibu la, na kwa mujibu wa fahamu zake hajadanganya. Kwake jeraha ni lile linalotoka damu na kumlaza mtu. Chembe za chuma zinazomrukia machoni anaposaga vyuma bila miwani ni vumbi la kazi, si jeraha. Ilhali chembe moja iliyonasa jichoni inaweza kusogezwa na sumaku na kuliumiza jicho hilo vibaya. Swali lililomfaa lilikuwa jepesi: Je, umewahi kufanya kazi ya kuchomelea au kusaga vyuma? Je, kuna chembe iliyowahi kukuingia jichoni? Akikubali, hupigwa eksirei ya macho kwanza, na hatari ikaepukwa.

Ugumu huu hautatuliwi kwa kufungua kamusi na kuandika neno la kwanza linaloonekana. Neno metali ni sahihi kiistilahi, lakini Mkenya wa kawaida hakukutana nalo darasani, kwa kuwa masomo ya sayansi katika shule za Kenya hufunzwa kwa Kiingereza kuanzia madarasa ya kati ya shule ya msingi. Neno analolijua ni chuma. Nalo chuma lina upungufu wake. Mwanamke aliyewekewa koili ya kupanga uzazi akiulizwa kama ana chuma mwilini atajibu hapana, maana koili yake ni ya shaba. Koili nyingi za namna hiyo hazizuii kipimo, lakini mtaalamu anahitaji kujua kuwa ipo. Mfasiri mwangalifu basi hatauliza kwa neno moja la jumla. Atataja vitu vyenyewe kwa majina yake: koili, skrubu au nondo iliyowekwa mfupani baada ya ajali, kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo, kibanio cha mshipa wa ubongo, risasi.

Swali la risasi lina uzito wa pekee katika mitaa hii. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliikumba Kibera vikali, na Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini kote, 405 kati yake vikitokana na risasi. Mwaka 2017 machafuko ya uchaguzi yalizuka tena Kibera na hata Kawangware. Wapo walionusurika. Risasi nyingi hutengenezwa kwa madini yasiyovutwa na sumaku, lakini zipo zenye feleji ndani yake, na mahali zilipolala mwilini ndipo panapoamua kama kipimo kifanyike au la. Je, kijana anayemwogopa polisi atakiri mbele ya mtu mwenye koti jeupe kwamba ana kipande cha risasi pajani? Huenda akakiri, endapo swali litatanguliwa na sentensi moja ya Kiswahili cha utu: jibu lako litatumika kulinda mwili wako tu, wala hutaulizwa ulipigwa wapi. Sentensi hiyo haitokani na tafsiri. Inatokana na kumjua anayeulizwa.

Hata jina la kipimo linahitaji uangalifu. Kukiita picha ya mionzi ni kumtia mgonjwa hofu isiyo na msingi, na wakati huohuo kumficha hatari iliyopo kweli. Anayeambiwa mionzi ataogopa saratani. Anayeambiwa sumaku atakumbuka chuma. Picha ya sumaku ni jina linalomfundisha mgonjwa ajilinde.

Aidha, maelezo hayaishii mlangoni. Mgonjwa hulazwa juu ya kitanda chembamba na kusukumwa ndani ya tundu la mashine, akatakiwa atulie tuli kwa dakika ishirini, thelathini au zaidi. Mashine hugonga kwa kishindo kama cha fundi apondaye mabati, ndiyo sababu mgonjwa huzibwa masikio. Hupewa pia mpira wa kubonyeza iwapo atazidiwa. Asiyeelezwa mapema kwamba kishindo hicho ni cha kawaida, kwamba anasikizana na mtaalamu, na kwamba akibonyeza mpira atatolewa, ataliona tundu lile kama mwanandani. Akishtuka na kutikisika, picha huharibika na kipimo hurudiwa.

Watakuwapo watakaosema kwamba wataalamu wa picha wa Nairobi wanajua Kiswahili na humfasiria mgonjwa papo hapo. Hilo ni kweli, na wanastahili shukrani. Lakini tafsiri ya papo kwa papo hubadilika kutoka mtu hadi mtu na zamu hadi zamu. Leo swali la jicho limeulizwa vizuri, kesho limerukwa kwa sababu foleni ni ndefu. Wengine watasema kwamba vijana wa Kibera huzungumza Sheng, si Kiswahili. Sheng hugeuka upesi na hutofautiana mtaa kwa mtaa, ilhali fomu ya hospitali inapaswa kudumu na kumfaa bibi na mjukuu kwa pamoja.

Msingi wa kisheria upo. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inamtaka mhudumu wa afya, inapowezekana, ampe mgonjwa maelezo kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kisomo. Kinachosalia ni kazi ya wanalugha.

Kazi hiyo haiwezi kukamilikia maktabani. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinaweza kuandaa rasimu ya fomu pamoja na wataalamu wa picha, kisha kuipeleka kwa fundi wa Kawangware, kwa mama mboga wa Kibera, na kwa mzee Mnubi ambaye lugha yake ndiyo iliyoupa mtaa huo jina. Kila mmoja asomewe swali, kisha aeleze kwa maneno yake mwenyewe ameulizwa nini. Pale atakapoeleza jambo jingine, swali ndilo lenye kosa, wala si yeye. Wahadhiri nao wanaweza kuyafanya mazoezi hayo kuwa sehemu ya somo la tafsiri na la istilahi.

Kiswahili kimekwisha kutetewa kwa maneno mengi katika makongamano. Utetezi utakaomfaa fundi wa Kawangware ni swali moja lililo wazi, atakaloulizwa na kulielewa kabla hajaingizwa katika chumba cha sumaku.