Meno ya bandia si sufuria, jamani!

Wadau, leo naomba tuzungumzie jambo ambalo vijana huwa tunalicheka: meno ya bandia ya wazee wetu. Kuanzia Mbinga mjini mpaka kule ziwani, Liuli na Mbamba Bay, ushauri ninaousikia kuhusu kuyasafisha ni ule ule: sugua kwa majivu, mkaa uliosagwa au mchanga laini wa ufukweni. Eti ni vitu vya asili, havina kemikali.

Mimi nasema hapana. Meno mengi ya bandia hutengenezwa kwa plastiki iitwayo akriliki, ambayo ni laini kuliko jino la kuzaliwa nalo. Majivu na mchanga hung'arisha sufuria kwa sababu vinakwangua. Vikikwangua akriliki vinaacha mikwaruzo midogo midogo, na humo ndimo fangasi wa kandida hujificha. Mzee anaanza kulalamika kaakaa linawaka, anayavua, anayafungia kabatini, na kuanzia hapo ni uji tu. Ndimu nayo, asidi yake inaweza kula vile vishikizo vya chuma.

Msinielewe vibaya, sipingi mimea. Huko Brazil, watafiti wa Chuo Kikuu cha São Paulo wamejaribu dawa ya kuloweka meno ya bandia iliyotokana na mafuta ya nyonyo, na baadhi ya majaribio yalionyesha inapunguza vijidudu. Mnyonyo huo huo unajiotea majalalani kwetu! Lakini ile ni dawa iliyopimwa maabara. Mbegu zenyewe zina sumu kali, asije mtu akazitwanga nyumbani. Swali langu: Taasisi ya Tiba Asili pale MUHAS ipo, SIDO ipo, kwa nini tusubiri kuletewa za pakiti kutoka nje?

Kwa sasa njia salama ni rahisi tu: maji ya kawaida (ya moto sana huyapinda), sabuni ya maji isiyo kali, na mswaki laini. Usiku yavuliwe, yalale kwenye maji. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2015 uliwafuatilia wazee 524 wenye miaka 85 na kuendelea. Kwa waliolala nayo mdomoni, hatari ya nimonia ilikuwa zaidi ya mara mbili.

Kwa hiyo ukienda likizo, pamoja na sukari na kanga, mpelekee bibi mswaki laini na bakuli lenye mfuniko. Mnasemaje?