Kunywesha Ardhi Kame: Faida Yake na Hesabu Yake



Wako wasemao ya kwamba jangwa likinyweshwa maji hugeuka bustani, na bustani hiyo huisafisha hewa ya dunia. Wako na wasemao ya kwamba kunywesha ardhi kame ni kupoteza maji bure. Kauli zote mbili zina ukweli ndani yake, wala hapana hata moja iliyo kamili. Mwezi huu twataka tuzipime kwa mizani.

Fahamuni kwanza ya kwamba mmea huvuta hewa ya ukaa kwa majani yake, ukajijenga kwa kaboni iliyomo. Mizizi na majani yakifa, vijidudu vya udongoni huyala; sehemu kubwa hurudi hewani, na sehemu ndogo husalia ikawa mboji. Udongo wa dunia nzima umehifadhi kaboni nyingi kuliko iliyomo hewani na katika mimea yote ikijumlishwa pamoja. Hazina hiyo twaikanyaga kila siku.

Katika nchi kame mimea ni haba, basi na mboji ni haba. Yakiletwa maji, mizizi huongezeka na udongo hupata cha kuweka. Watafiti wa Ujerumani waliokusanya matokeo ya majaribio mengi mwaka 2013 walikuta ya kwamba udongo wa jangwa uliolimwa kwa kunyweshwa uliongeza kaboni yake kwa asilimia 90 hadi zaidi ya 500. Lakini katika nchi za ukame wa wastani ongezeko lilikuwa asilimia 11 hadi 35 tu. Sababu yake si ngumu. Asiyekuwa na kitu akipewa kibaba huonekana ametajirika. Aliyekwisha kuwa na pishi, kibaba hakimbadili sana. Na tena maji yale yale yaustawishayo mmea huwaamsha na vijidudu, navyo huila mboji kwa haraka zaidi.

Sasa tutazame upande wa pili. Pampu ya kuvuta maji kutoka chini sana hula mafuta, na moshi wake ni kaboni vile vile. Maji ya visima vingi vya nchi kame yana chokaa iliyoyeyuka. Yakaukapo juani, chokaa huganda udongoni na hewa ya ukaa hutoka. Yako na ya chumvi. Pasipokuwa na mfereji wa kuyatoa maji yaliyozidi, chumvi hupanda juu na mmea hufa. Hayo si mageni: katika ardhi ya Basra watumwa walioitwa Zanj, ambao wanahistoria wengi huwataja kuwa wengi wao walitoka pwani hizi zetu, walikwanguishwa tabaka la chumvi mashambani, hata wakaasi mwaka 869.

Tazameni na Saudi Arabia. Kwa maji yaliyolala chini ya ardhi maelfu ya miaka, ilivuna karibu tani milioni 4 za ngano mwaka 1992. Lakini maji yale mvua haiyarudishi. Mwaka 2008 serikali iliamua kupunguza ununuzi wa ngano hiyo mwaka hadi mwaka hata ukome mwaka 2016, ili kuokoa maji. Na shamba la jangwani likiachwa bila ya maji, hapaingii mizizi mipya. Mboji hupungua, na upepo huchukua udongo wa juu.

Basi maji peke yake hayaweki akiba. Yatupasa tusichome mabua baada ya mavuno. Samadi ya mifugo irudi shambani. Udongo ufunikwe kwa majani. Na maji yatolewe kwa kiasi, asubuhi au jioni, penye mizizi.

Kijana atakaye kukopa fedha anunue pampu, na aulize kwanza mambo matatu: maji haya hujazwa na nini, chumvi itatoka kwa njia gani, na baada ya mavuno ni nini kitakachorudishwa udongoni. Akikosa jibu la moja katika hayo, asitie saini mpaka alipate, kwani deni litabaki hata shamba likifa.