Wauza pikipiki, sikilizeni podikasti lakini kwa akili

Jana nilipita Moshono kwa jamaa yangu anayeuza pikipiki, akaniuliza: msomi, nisikilize podikasti gani nikuze duka?

Nikamtajia Power Hour, ya jarida la Powersports Business la Marekani. Inawahusu wenye maduka kama yeye, na kuna la kujifunza: kuuza ni siku moja, lakini spea na fundi mzuri ndivyo vinavyomrudisha mteja.

Ila jamani, wenzetu kule wanauza hadi pikipiki za kwenye theluji! Wateja wao wengi wanaendesha kwa starehe. Huku Boxer au TVS ndiyo ugali wa familia, na vijana kibao wanaipata kwa mkataba: unapeleka hesabu kila siku mpaka iwe yako. Ikilala gereji siku tatu kwa kukosa spea, hesabu haikusubiri. Hilo Mmarekani hatakufundisha.

Maoni yangu: ya dukani sikiliza kwao, ya mkataba kaa kijiweni uwasikilize bodaboda. Na nyie mnaosoma biashara hapa chuo, si mturekodie ya Kiswahili? Simu mnazo! Au nasema uongo?

Haya, nawahi kipindi.