WANAOSUBIRI NA WANAOFANYA KAZI: NASAHA KUHUSU GEMU LA GTA 6

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na masahaba zake. 

Siku moja baada ya darasa la jioni, mwanafunzi wangu mmoja hapa Kahama alinifuata akaniuliza: "Ustadh, GTA 6 ikitoka, kuicheza ni haramu?" Nikamjibu kwa mkato: "Haramu. Nenda nyumbani." Akaenda. Wiki nzima hakuonekana madrasa, na nilipouliza nikaambiwa anashinda kwenye kibanda cha gemu. Jibu langu lilikuwa jibu la mwalimu mvivu. Kijana aliniletea swali, mimi nikamwonyesha mlango. Leo nataka nimjibu vizuri, maana najua hayuko peke yake. Swali hilo linaulizwa Shinyanga mjini, linaulizwa Katoro na Geita, popote palipo na televisheni, padi mbili na benchi.

Kwa faida ya wazazi wasiolijua gemu hili, nianze na habari yake. GTA ni mfululizo wa michezo ya kompyuta ulioanza mwaka 1997 huko Dundee, Scotland. Jina lake refu, Grand Theft Auto, maana yake ni wizi wa magari. Vijana wetu wengi walilijua kupitia toleo la San Andreas la mwaka 2004. Toleo la tano lilitoka Septemba 2013, na ndani ya siku tatu mauzo yake yakafika dola bilioni moja. Hadi sasa zimeuzwa nakala zaidi ya milioni 200.

Toleo la sita limesubiriwa kuliko gemu lolote. Februari 2022 kampuni ya Rockstar ilithibitisha kuwa kazi inaendelea. Septemba mwaka huohuo video za kazi ambayo haijakamilika zikaibwa na kusambazwa. Desemba 2023 trela ya kwanza ilitoka, ikatazamwa zaidi ya mara milioni 90 kwa saa 24. Watu wakaambiwa wasubiri mwaka 2025. Mei 2025 wakaambiwa hapana, ni tarehe 26 Mei 2026. Novemba 2025 ikasogezwa tena hadi tarehe 19 Novemba 2026. Jarida letu hukaa majumbani mwaka mzima, basi huenda unasoma maneno haya tarehe hiyo ikiwa imeshapita. Haidhuru. Ninayotaka kusema hayategemei tarehe.

Kwanza, tuseme ukweli kuhusu mchezo wenyewe. Mchezaji huvaa nafsi ya mhalifu: anaiba magari, anaua, anaingia katika maovu ambayo siwezi kuyaandika katika jarida linalosomwa na watoto. Wala si sisi waalimu wa madrasa peke yetu tunaosema kuwa haufai. Toleo la tano liliwekewa alama ya miaka 18 na kuendelea huko Ulaya, na miaka 17 na kuendelea Marekani. Wenyewe walioutengeneza na kuuza wanakubali kuwa si wa watoto. Inakuwaje basi mtoto wa miaka 11 auchezee Kahama kwa sarafu, na mtu mzima mwenye kibanda ampokee sarafu hiyo? Hilo ndilo jibu la swali la mwanafunzi wangu: mwanangu, usiucheze.

Pili, na hapa ndipo nilipotaka kufika. Kutoka toleo la tano hadi hiyo Novemba 2026 ni miaka 13. Mgodi wa Buzwagi, hapa kwetu Kahama, ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2009 na ukafungwa mwaka 2021. Yaani umri wote wa mgodi ule ni mfupi kuliko muda wa kungoja gemu moja! Mtoto aliyezaliwa mwaka 2013, mwaka lilipotoka toleo la tano, leo ni kijana ambaye swala na saumu zinamhusu.

Katika miaka yote hiyo, wenye kampuni walifanya nini? Walikuwa kazini. Walichora, wakafuta, wakachora tena. Video zao zilipoibwa, watu wakacheka picha zisizokamilika, wao wakaendelea na kazi. Tarehe ilipokaribia na kazi haijawaridhisha, wakaisogeza mara mbili na kukubali lawama za dunia nzima. Dini yetu inatufundisha kuwa Mwenyezi Mungu anampenda mja ambaye akifanya kazi huifanya kwa umahiri. Inauma kuona umahiri huo ukitumika kwenye jambo la uovu, na inauma zaidi kuona sisi wenye mafundisho hayo tukiandika hati mbaya katika daftari la Kiarabu, tukisoma bila tajwidi na kusema "inatosha."

Sisi tuliokuwa tukisubiri tulifanya nini? Tulisubiri tu. Mwanafunzi wangu alizijua tarehe zote za kuahirishwa kwa gemu, lakini alipoulizwa tarehe ya mtihani wake mwenyewe hakuijua. Ndugu zangu, watoto wa mikoa hii mnawajua wachimbaji wadogo. Mchimbaji naye husubiri. Lakini husubiri akiwa ndani ya duara, akifuata mwamba, akibeba mawe kwenda kwenye karasha, kisha akachenjua. Mtu akikaa juu ya duara mwaka mzima akitazama shimo, jioni ataondoka na vumbi. Kuna kusubiri kwenye jasho na kuna kusubiri kwenye benchi, na malipo yake si sawa.

Chukua hesabu ndogo. Kijana akitoa shilingi 500 kila siku kibandani, kwa mwaka ni shilingi 182,500. Hizo ni vitabu, sare na ada. Akikaa saa mbili kila siku, kwa mwaka ni saa 730. Katika saa hizo angehifadhi juzuu ngapi? Qur'ani Tukufu iliteremshwa kidogo kidogo kwa miaka 23. Kidogo kidogo ndiyo njia, kwa aliyeanza.

Tatu, nisieleweke kuwa nachukia kompyuta. Ipo habari ya kijana wa Sudan Kusini, Lual Mayen, aliyezaliwa wakati familia yake ikikimbia vita na kukulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza kwa miaka mitatu akamnunulia kompyuta ya dola 300. Kambini hakukuwa na umeme wa kuichajia, ikawa anatembea saa kadhaa kuufuata. Alijifunza mwenyewe, akatengeneza gemu, akaliita Salaam. Mchezaji ni mkimbizi anayeikimbia vita na kutafuta amani. Mwaka 2018 alitunukiwa huko Marekani katika tuzo za The Game Awards. Hakuwa na benchi la kukalia, alikuwa na kazi ya kufanya. Kati ya vijana wetu wa Geita na Shinyanga yumo anayeweza kutengeneza chake chenye manufaa, iwapo tutamfundisha hesabu na Kiingereza pamoja na dini yake.

Kwa hiyo natoa rai. Wanafunzi: kila unapojikuta unaisubiri tarehe ya watu wengine, jiwekee tarehe yako. Sema, "Mpaka siku hiyo nitakuwa nimehifadhi Juzuu Amma," kisha anza leo baada ya Maghrib. Wazazi: ulizeni watoto wanakwenda wapi baada ya shule, na muwape cha kufanya. Marufuku bila mbadala humpeleka mtoto kibandani kwa siri. Wenye vibanda, na wengine ni waumini wenzetu: michezo ya mpira ipo, nayo inawalipa. Ondoeni ya mauaji, na adhana ikisikika zimeni televisheni. Waalimu wenzangu: mtoto akiuliza, tumjibu. Mimi nilishindwa, na ilibidi nimfuate kibandani mwenyewe.

Nilimkuta, nikakaa naye kwenye benchi, tukazungumza mpaka adhana. Tulitoka pamoja kwenda kuswali.

Mwenyezi Mungu ameapa kwa wakati katika Surat al-Asr. Tumwombe atujaalie tuwe miongoni mwa wanaoutumia kabla haujatutumia.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.