Fundi, Fungua Kwanza Tuone
Na Rehema Mbonde

Steshenari za Upanga, hasa zilizo jirani na Hospitali ya Muhimbili, ndizo ofisi za watu wasio na ofisi. Mwanafunzi anachapisha ripoti yake hapo, mama anatoa kopi ya kitambulisho cha NIDA, na msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika, foleni ya kuskani vyeti vya kuzaliwa inatoka hadi nje. Kompyuta ikiwa nzito, wote wamekwama. Jibu la fundi nalo linajulikana: "Hii tuipige Windows upya."

Nalipinga jibu hilo. Linafuta tatizo kabla hatujajua limetoka wapi.

Juzi nilikuwa kwenye steshenari mojawapo, waraka wa kurasa mbili unagoma kufunguka. Kijana wa kaunta akabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ikatokea Task Manager, orodha ya kila kinachoendelea ndani ya mashine. Prosesa haikuwa na kazi kubwa. Diski ndiyo iliyosoma asilimia 100. Akabonyeza neno Disk, na mlaji mkubwa akapanda juu kabisa: programu ya kutunza mafaili mtandaoni, inayojiwasha kila kompyuta inapowashwa. Akaisimamisha. Waraka ukafunguka.

Kompyuta nyingi za mtumba bado zina diski za kuzunguka. Kichwa cha kusomea huhama huku na huko kufuata mafaili, kwa hiyo programu mbili zikiigombania diski, zote zinasubiri. Diski ya aina ya SSD haina kitu kinachozunguka, na fedha ya kupiga Windows mara kwa mara ni heri iende huko.

Lakini kasi si jambo lililonishtua. Programu ile ilikuwa inapakia folda ya skani. Vitambulisho, vyeti, majibu ya vipimo vya wagonjwa, vyote vinakwenda kwenye akaunti ambayo mwenye duka hakumbuki ilifunguliwa na nani, tena kwa bando lake mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na wenye kaunta ndogo hawako nje yake. Mashine ingepigwa Windows siku ile, ingekuwa nyepesi, kila mtu angeridhika, na nyaraka za watu zingebaki huko huko mtandaoni.

Tena Windows yenyewe mara nyingi hutoka kwenye flashi isiyo na leseni na huamshwa kwa programu ya kukraki. Humo ndimo hupenyezwa programu za kuchimba sarafu za kidijitali, ambazo hukamua prosesa usiku na mchana kwa faida ya mtu usiyemjua.

Basi fundi amfungulie mteja orodha ile, amtajie kila kinachokula mashine, kisha aende sehemu ya Startup wazime pamoja visivyohitajika. Na mwenye steshenari afute folda ya skani kila jioni kabla hajafunga duka.